Kikundi cha vijana Mbagala: zaidi ya kuwaambia "msikate tamaa", tufanye nini?

Mlezi_Mbagala

Wakuu, habari za majukumu.

Tuna kikundi cha vijana 26 hapa Mbagala, Dar es Salaam, miaka 13 hadi 17, wanaokutana kila Jumamosi saa nne asubuhi hadi saa sita na nusu kwenye chumba cha madrasa tulichopewa bure. Wasichana 15, wavulana 11. Wengi wako sekondari za kata, wanne hawasomi kabisa. Nyumbani ni mama ntilie, wakaanga samaki, vibarua wa ujenzi, makonda wa deiwaka (vibarua wa siku). Walezi tuko watatu, tunajitolea, na tunachangishana 120,000 kwa mwezi.

Mwaka jana tulikuwa tunaita mhamasishaji kila mwezi. Vijana wanapiga makofi, picha zinapigwa, Jumatatu kila mtu yuko palepale. Wiki tatu za mwanzo chumba kilijaa, kufika wiki ya nane wamebaki 11. Wavulana wawili wamezama kwenye mikeka ya kubeti. Wasichana watatu wanazuiwa nyumbani kwa sababu Jumamosi ni siku ya kufua na kuangalia wadogo. Na mwenye kupatwa na jambo, iwe matokeo mabaya au msiba, anapotea moja kwa moja, nasi hatujui hata tumrudie kwa mlango gani.

Tunachotaka ni ustahimilivu: kijana akipigwa na maisha aweze kusimama tena. Kwa hela hiyo na watu hao, ndani ya miezi sita tufanye nini hasa? Naomba hatua na viwango, nadharia tunazo za kutosha. Nawasilisha.

UstawiTMK

Mkuu, wahamasishaji wasimamishe kuanzia wiki hii. Si kwamba wanasema uongo, ila mtu anayekuja mara moja hawezi kufanya kazi ambayo siri yake ni kurudi.

Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Karibu theluthi walikulia kwenye umaskini uliochanganyika na ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Kati ya hao, mmoja katika kila watatu alikua mtu wa kujitegemea na kujali wenzake. Jambo lililojirudia kwao ni kuwa na mtu mzima mmoja asiyeyumba: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Mmoja tu anatosha, mradi awe yuleyule.

Sasa gawa vijana wako leo: 9, 9, 8. Kila mlezi awe na watu wake kwa miezi yote sita, na daftari dogo lenye jina, anakoishi, simu ya mzazi, simu ya jirani (ya mzazi huzimika), na mstari mmoja baada ya kila Jumamosi. Mlezi asiandike "mtundu" au "mzuri". Aandike kitu cha kufuatilia: "mdogo wake anaumwa", "mtihani wa hesabu Jumatano". Jumamosi inayofuata swali la kwanza litoke humo. Kijana wa miaka 15 akigundua unakumbuka mtihani wake wa Jumatano, hapo ndipo kazi inaanza.

Asiyekuja: salamu kwa simu ifike kabla ya Jumatatu jioni. Asipojibu, Jumatano mlezi wake apite nyumbani. Usiulize "mbona hukuja?" mbele ya mzazi, hilo ni kumshtaki. Sema, "Tulikuwekea nafasi, nikasema nipite nikusalimie." Akikosa mara mbili mfululizo bila kutembelewa, mhesabu kuwa ameondoka. Hapo ndipo mlipowapoteza wale 15.

La pili ni ahadi. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaahidi watoto wadogo 28 vifaa vizuri vya kuchorea. Kwa nusu yao mtu mzima alirudi navyo, kwa nusu nyingine akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Baadaye kila mtoto akawekewa peremende laini, akaambiwa akisubiri dakika 15 bila kuila ataongezwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Walioahidiwa hewa walisubiri dakika 3. Kwa hiyo kijana anayekimbilia cha leo huenda ameshajifunza, kwa ushahidi, kwamba cha kesho hakiji. Walezi wasitamke ahadi ambayo fedha yake haiko mfukoni. Neno "tutaona" pia liacheni. Uswahilini kila mtoto anajua maana yake ni hapana. Mkisema saa nne, mlango uwe wazi saa nne kasorobo hata kama kijana ni mmoja.

Wale wasichana watatu: nendeni mkaongee na mama zao na mje na pendekezo mkononi. Ama kikao kihamie saa tisa alasiri, ama waje na wadogo wa miaka minne na kuendelea, mwatandikie jamvi pembeni na chaki za rangi. Mama akiona mmefikiria mzigo wake hubadilika. Akiona mnamwomba tu mtoto, atakuona unamnyang'anya mikono miwili ya kazi.

Na uji kabla ya kikao. Baada ya kikao ni makosa: wenye njaa hawakusikii saa mbili nzima, wengine wanakuja dakika ya mwisho kunywa. Kwa watu 26, kikombe cha mililita 300 kila mmoja, ni lita 8 hivi. Unga wa mahindi kilo moja, sukari gramu 400, karanga zilizotwangwa gramu 250. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, uive dakika 20. Ukiuwahisha unabaki na ladha ya ubichi na vijana watauacha. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe, hizo ndizo zenye sumukuvu. Tenga 8,000 kwa Jumamosi pamoja na mkaa.

Kijiweni Tu

Nitaharibu hali ya hewa kidogo. Hili neno ustahimilivu linanipa wasiwasi. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachota maji, anapeleka vitumbua gengeni, halafu anasimama kituoni dakika 50 kwa sababu konda hataki wanafunzi. Mnataka astahimili nini tena? Tayari anawashinda watu wazima wengi. Kinachomwangusha ni shilingi 200 za nauli.

Na hili lina ushahidi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wakulima wa miwa nchini India, waliopimwa akili mara mbili: kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno wakiwa na fedha. Watu walewale, kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ukata unakula kichwa. Kwa hiyo ukimwona kijana "hajipangi", angalia kwanza kama kichwa chake hakijakodiwa na nauli ya kesho.

Kabla ya mafunzo yoyote, orodhesha kaya zote 26 na uliza mtaani ni zipi ziko kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Uandikishaji mpya haufanyiki kila siku, ila kuna kaya zilizomo ambazo malipo yamekwama kwa kitu kidogo kama jina kukosewa au namba ya simu kubadilika. Mlezi mwenye kalamu na subira anaweza kumsindikiza mama kwa mtendaji na likaisha.

Sisemi fedha peke yake inatosha. Kule Mafinga na Mufindi ulifanyika mpango wa Ujana Salama kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya za TASAF. Juu ya ruzuku ya kaya waliongezewa mafunzo ya wiki 12 ya kujipatia kipato na afya, miezi 9 ya mlezi wa kuwafuatilia, ruzuku ya kuanzia yenye thamani ya dola 80, na zahanati zikaandaliwa kuwapokea vijana. Tazama mpangilio wake: fedha, stadi, mtu, huduma. Ninyi mnataka kuanza na stadi huku vitatu vingine havipo.

Mtunza Sanduku

Kijiweni Tu kasema kweli, ila kwa 120,000 hawezi kugawa fedha. Anaweza kujenga mto wa kuangukia. Hesabu yangu ya mwezi: uji 32,000, vocha na nauli za kutembelea nyumbani 10,000, mfuko wa dharura 25,000, nyongeza ya akiba 15,600. Inabaki 37,400, nasema itumike kwenye vyeti vya kuzaliwa na ada za mitihani, Mwalimu akipita hapa atafafanua.

Akiba iwe 300 kwa wiki, ileile kwa wote. Msiruhusu mwenye nacho aweke 2,000, maana wiki ya tatu mnyonge ataona aibu na ataacha kuja kikundini kabisa. Watu 26 ni 7,800 kwa wiki, 31,200 kwa mwezi. Ninyi mnaongeza nusu yake, ndiyo hiyo 15,600. Uganda, Fred Ssewamala amefanya kazi ya miaka mingi na watoto yatima kwa njia hii: akiba ya mtoto inaongezewa kiasi kilekile au mara mbili, na inatumika kwa shule au biashara ndogo. Watoto walioshiriki walipanda kimasomo, na hata msongo wa mawazo ulipungua. Mtoto mwenye akiba anaanza kuzungumza kwa wakati ujao.

Sanduku lichongeshe kwa mafundi wa bati wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, lenye kufuli tatu. Funguo tatu zikae kwa vijana watatu wasio ndugu, sanduku lenyewe likae kwa mzazi asiyeshika ufunguo. Kila kikao linafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila kijana anagongewa muhuri kwenye kijitabu chake. Kabla ya kufunga, kikundi kizima kinatamka salio mara tatu. Kikao kinachofuata, kabla ya kulifungua, mnamchagua yeyote ataje salio la wiki iliyopita. Akikosea, mwingine amsahihishe. Hiyo ndiyo leja yenu ambayo hakuna panya wala mjanja wa kuila.

Mikopo hapana, kabisa. Hao ni watoto kisheria, na mkopo wa mtoto unaishia kuwa mkopo wa mjomba. Wafundisheni hesabu ya kausha damu (mikopo ya mtaani yenye riba kubwa) kwa chaki ubaoni, inatosha.

Mfuko wa dharura uwe kwenye bahasha yake, na sababu ziandikwe mapema ukutani: nauli ya wiki ya mtihani, dawa, taulo za kike, madaftari yaliyoloweshwa na mvua. Kiwango 5,000, mwamuzi ni vijana wawili na mlezi mmoja, jibu ndani ya saa 24. Zaidi ya hapo si dharura tena, ni maombi.

Panapoharibika huwa ni palepale. Mlezi anakopa "narudisha kesho". Mzazi anamtuma mtoto achukue akiba yote kwa sababu mwenye nyumba amekuja. Hapo sheria iwe nusu ya akiba yake mwenyewe, na mzazi aje yeye. Fedha zinakuwa nyingi sandukuni. Kwa viwango hivi mtapita 100,000 mwezi wa tatu, hapo hamishieni akaunti ya walezi yenye sahihi tatu. Mkianza Juni, mkavunja mwanzoni mwa Desemba, ni wiki 26: kila mmoja ana 7,800 zake na 3,900 za nyongeza, jumla 11,700. Nunueni kaunta buku Desemba hiyohiyo, kwa dazeni, Kariakoo. Januari bei zinajua kwamba huna pa kukimbilia.

Nesi_Zamu

Naongezea upande ambao vikundi vingi huukwepa mpaka uwaangukie.

Kwanza, mtu "mwenye mawazo". Zimbabwe walilichukua neno kama hilohilo la mtaani, la kufikiri kupita kiasi, wakalijengea tiba: Benchi la Urafiki la Dokta Dixon Chibanda, ambapo kina bibi waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi la zahanati na kumsaidia kushika tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya majaribio yake Harare yalichapishwa mwaka 2016, na dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) zilipungua. Kenya nako, kwa wanafunzi 413 wa sekondari, mpango wa Shamiri ulitumia vikao vinne tu vya kila wiki, vikiongozwa na vijana waliotoka shule juzijuzi. Sonona na wasiwasi vilipungua vilevile. Maana yake walezi wenu wanaweza kuifanya kazi hii bila shahada, wakifuata utaratibu na kujua mpaka wao.

Utaratibu mwepesi: chukua karatasi ya daftari, ikunje mara mbili, ikunjue, una vyumba vinne. Chumba cha kwanza kijana anaandika tatizo kwa maneno yake. Wengi huandika "maisha magumu". Usikatae, ila uliza, "Wiki hii lilikukuta siku gani, saa ngapi?" Litashuka mpaka liwe kitu cha kushikika, mfano "nachelewa shule mara tatu kwa wiki". Chumba cha pili, njia zote anazoweza kufikiria, zisipungue tano, hata za kijinga. Kwa huyo wa kuchelewa: kutoka nyumbani robo saa mapema, kutembea na wenzake wawili mpaka kituo cha nyuma ambako gari halijajaa, kugeuza nalo, yaani kulipanda likielekea mwisho wa njia na kurudi nalo, na kulipa 200 mara mbili, mama amwombe dereva mmoja anayemfahamu, vitumbua vipelekwe na kaka yake siku za mtihani. Chumba cha tatu anachagua moja, na siku atakayoanza. Chumba cha nne kibaki wazi mpaka Jumamosi ijayo, anaandika kilichotokea.

Kosa kubwa la walezi liko chumba cha tatu: wanamchagulia. Ukimchagulia, ikishindikana ni wewe umeshindwa, na yeye hajajifunza kitu. Kosa la pili ni kuona njia imefeli na kusema hakujitahidi. Rudini chumba cha pili, bado kuna nne.

Kuna matatizo ambayo karatasi hiyo haiyawezi. Kijana akizungumzia kufa, akaanza kugawa vitu vyake, akaacha kula na kujitenga ghafla, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na msiahidi siri. Semeni tangu mwanzo, "Ukiniambia unaumizwa, nitamwambia mtu anayeweza kusaidia, na wewe utajua ni nani."

Ukatili wa kingono: saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Asioge kabla ya kuonwa. Nguo aliyovaa iwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa nailoni unatunza unyevu na ushahidi unaoza. Mlezi mmoja akimbilie Dawati la Jinsia na Watoto polisi kwa ajili ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), mwingine awe na mtoto hospitali. Hospitali ya Amana, Ilala, kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, huduma zote mahali pamoja. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni bure, saa zote. Kesi nyingi hufia hapa: wazee wanakaa, wanataka "kumalizana kifamilia", siku ya nne ndipo mtu anamkumbuka nesi.

Nauli aliyoitaja Kijiweni Tu ina sura ya pili kwa wasichana. Anayekosa 200 leo, kesho anapewa lifti ya bodaboda, na keshokutwa lifti ina bei yake. Ndiyo maana ile bahasha ya dharura kwangu ni afya ya uzazi, si fadhila.

Ninyi nanyi jilindeni. Asikae mlezi mmoja na kijana mmoja chumba kilichofungwa, mlango uwe wazi. Mzazi asaini ridhaa, na mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wa kata wawe na barua yenu kabla jambo halijatokea.

Mwl_Tandika

Nimeitwa na Mtunza Sanduku, nimekuja.

Kijana anayepotea baada ya matokeo mabaya hapotei kwa uvivu, anapotea kwa sababu anaamini mlango ulikuwa mmoja na umefungwa. Chukueni karatasi kubwa mchore njia zote, ibandikwe ukutani mwaka mzima, si siku ya matokeo. Aliyefeli kidato cha nne anarudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeacha kabla ya kumaliza anafanya QT (mtihani wa maarifa) kwanza, akifaulu ndipo anajiandikisha kidato cha nne, kwa hiyo ni njia ya miaka, aijue mapema. Aliyekosa msingi, kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Anayetaka mikono, kuna kozi fupi na ndefu za VETA (vyuo vya ufundi stadi), Chang'ombe ndiyo ya jirani. Na aliyejifunza ufundi gereji bila cheti, VETA inapima na kurasimisha ujuzi huo. Msichana aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shule ya kawaida tangu Novemba 2021. Bado kuna familia zinazomficha ndani zikidhani ni marufuku. Mlezi aende naye kwa mkuu wa shule, asimtume peke yake.

Wale wanne wasiosoma, kila mmoja achague njia mojawapo ndani ya mwezi wa kwanza na aandikiwe hatua ya kwanza tu. Hatua zote kumi ukimpa siku moja, umemfungia mlango tena.

Vyeti vya kuzaliwa: kagueni vyote 26. Si kuwepo tu, someni herufi kwa herufi mlinganishe na jina la shuleni. "Mohamed" kwenye cheti na "Muhamedi" kwenye matokeo hakuonekani kitu akiwa na miaka 14, lakini kutamkuta NIDA (kwenye kitambulisho cha taifa) na kwenye mkopo wa elimu ya juu, muda ambao dirisha la maombi lina tarehe ya mwisho. Rekebisheni sasa. Ndiyo matumizi bora ya hiyo 37,400, kijana mmoja au wawili kwa mwezi, mkianza na wa kidato cha tatu na cha nne.

Elimu bila ada ya tangu 2016 iliondoa ada, haikuondoa sare, nauli, chakula cha mchana wala madaftari. Kwa hiyo msimhukumu mzazi anayesema hana.

Na chumba chenu kina thamani kuliko mnavyodhani. Dakika 40 za mwisho kila Jumamosi ziwe kimya, kila mtu na daftari lake, mlezi naye anasoma. Wengi wa hawa wanaishi chumba kimoja na watu watano na redio ya jirani. Kila mmoja kabla ya kutoka aandike sentensi moja: "Umeme ukikatika Jumanne, nitasomea ___." Mpango wa shida ukiwa umeandikwa kabla ya shida, mtu hapotezi usiku akinung'unika.

Mlezi_Mbagala

Asanteni sana wakuu, Nesi hasa, hilo la mfuko wa karatasi hatukulijua. Tumeshagawana 9, 9, 8 usiku huu.

Bado wale wawili wa mikeka. Mmoja ana miaka 16, anabetia kwa laini ya kaka yake. Tukimwambia ni haramu au ni kinyume cha sheria kwa aliye chini ya miaka 18 anacheka, anasema "mbona jirani alikula laki tatu".

Mwl_Tandika

Usimhubirie, mchezeshe. Nunua dadu sita, kaa na vijana wote, wala usimtaje yeye.

Waambie kila mmoja ana mkeka wa mechi 10, na timu zote ni "za uhakika". Kila mechi anarusha dadu: ikija 1, 2, 3 au 4 timu yake imeshinda, ikija 5 au 6 imechanika. Odi (kizidisho cha dau) ya kila mechi ni 1.4, dau ni 500 za maandishi tu, msiguse fedha. Mkeka ukitiki wote analipwa 14,463. Macho yatawatoka, acha yatoke.

Kila kijana acheze mikeka miwili, mnapata 52. Mtu aandike ubaoni mechi iliyomchana kila mmoja. Wengi watafia mechi ya kwanza hadi ya tatu, na watacheka. Mwisho hesabuni: kwa dadu hiyo mkeka mzima hutiki mara moja katika 58 hivi. Siku nyingine chumba kizima hakitoi mshindi, siku nyingine anatoka mmoja. Akitoka, ni vizuri zaidi. Mwachie ashangilie, kisha kijana mwingine ajumlishe madau yote: 52 mara 500 ni 26,000 zimeingia, 14,463 zimetoka. Swali moja tu, "Zilizobaki ziko kwa nani?" Halafu nyamaza. Yule jirani wa laki tatu ndiye huyo mmoja. Wale 51 hawapigi picha za skrini.

Rudieni baada ya mwezi, mechi 5 badala ya 10, waone wenyewe kinachobadilika na kisichobadilika.

Kijiweni Tu

Nyongeza kwa huyo wa miaka 16: mpe ufunguo mmoja wa sanduku. Sitanii. Ila awe wa watatu, na wale wawili wengine wawe wasichana.

Mtunza Sanduku

Naunga mkono, kwa sharti sanduku lisilale nyumba yenye kaka yake. Na kuhusu tarehe, msianze kabla ya masika kuisha. Mkianza Aprili, Jumamosi mbili za mvua kubwa barabara za huko ndani hazipitiki, nusu hawatafika, na ile kanuni ya kutembelea siku ya Jumatano itawashinda kabla haijazoeleka. Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa nne kasorobo, uji uwe tayari jikoni.